Lita Themanini

Kisilu mdogo wangu, kabla hujawasha,
hebu tuhesabu.
Lita moja ya maji ni kilo moja, ulilijua hilo darasa la sita.
Lita themanini, kilo themanini.
Tia kimea cha shayiri, tia sufuria yenyewe na kifuniko chake:
umelibebesha jiko hilo la miguu ya sindano
mtu mzima, mnene, aliyejaa moto.

Nawe waniambia, "Dada, halijaanguka bado."

Bado.
Neno hilo nimelisikia wodini miaka kumi na mmoja
kwa watu waliolalia matumbo, mgongo wazi kwa hewa,
wakinieleza sufuria ilivyokuwa sawa, sawa kabisa.
Maji ya moto hayana kisasi wala huruma.
Yanafuata mteremko tu.

Na ua wako hapa Kariobangi Kusini una mteremko.
Niliweka gololi ya Mumbe sakafuni:
ikabingirika taratibu, ikapita chini ya kamba ya nguo,
ikaingia mtaroni bila kuaga.

Ndiyo sababu Jumamosi tulikwenda Kamukunji,
ambako nyundo hazinong'oni na bei hutajwa kwa vidole.
Fundi Muthengi akaitazama picha ya jiko kwenye simu yako,
akacheka kama daktari ambaye dawa anayo.
"Nani alikwambia miguu minne ndiyo heshima?
Minne hubishana, mmoja u hewani siku zote.
Mama zetu waliinjika kwa mafiga matatu
na ardhi haikuwahi kuwa tambarare."
Nikamjibu: figa moja haliinjiki chungu, twajua,
lakini hata matatu, yakikaribiana mno,
chungu hulala ubavu.
Akanitazama upya.
"Basi tutayatanua. Yapite upana wa sufuria."

Chuma cha pembe, kisichopakwa zinki,
kimo cha goti na si cha kiuno,
kila mguu na kiatu chake bapa,
juu duara lenye ukingo.
Cheche ziliruka; tukageuka pembeni
na bado tukaziona ndani ya kope.

Alipomaliza akapanda juu yake, yeye mwenyewe,
akamwita na Shikuku, mwanafunzi wake,
wakasimama wameshikana mabega
kama watu wanaopigwa picha harusini.
Stendi haikusema kitu.
Akashuka, akaipiga teke.
Haikusema kitu.
Tukalipa.

Haya, yangu ni machache.
Sufuria ikae kwanza, ndipo uijaze, ndoo kwa ndoo.
Mtungi usimame mbali, upande upepo utokako,
na mpira usipite chini ya moto hata siku moja.
Ikishachemka haihamishwi. Mvua ije, inyeshe.
Usinivalie kandambili.
Baridi ya Julai isikudanganye ukaliingiza jiko ndani.
Mumbe nimemchorea duara la chaki,
nimemwambia ng'ambo ya mstari ni mto, na mto una mamba.
Ameniuliza mamba anaitwa nani.

Jumapili ulichemsha maji matupu, kwa sababu nililazimisha.
Uliweka pima maji juu ya duara, ukasukuma vigae chini ya mguu mmoja
hadi kipovu kikatulia katikati.
Saa nzima tuliketi juu ya kreti tukiyatazama yakitokota.
Mama Apondi akachungulia kutoka ghorofa ya tatu:
"Mnapika nini?"
"Maji," ukasema.
"Kwa gesi ya bei hii?"
Akafunga dirisha.

Pombe yako sinywi, wajua.
Lakini jioni, chuma kilipopoa na wewe umeingia kuoga,
niliushika mguu ule wa upande wa mtaro,
nikautikisa.
Nikangoja kidogo,
nikautikisa tena.